Tuitunze Ngozi, Tusiukimbie Umri

(Hotuba iliyotolewa Tanga katika maadhimisho ya Siku ya Wazee Duniani, mbele ya vikundi vya akina mama na wazee. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Ndugu mgeni rasmi, viongozi wetu wa dini, wenyeviti na makatibu wa vikundi, wazee wangu mliokaa hapa mbele, akina mama, akina baba, na ninyi mabinti mliojazana kule nyuma chini ya mwembe: shikamooni wakubwa zangu. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Naomba tuanze na kazi ndogo. Kila mmoja apandishe mkono wa nguo yake mpaka juu. Kila mmoja, na mgeni rasmi pia. Geuza mkono utazame ngozi ya upande wa ndani, kule juu karibu na kwapa. Umeiona? Laini, rangi moja, haina doa. Sasa tazama mgongo wa kiganja chako.

Nawauliza: ngozi ya kule juu na ngozi ya kiganja, ipi kubwa? Zilizaliwa siku moja. Zimekula ugali mmoja, zimelala kitanda kimoja, zimepitia misiba ile ile. Kwa nini basi moja ni ya miaka 40 na nyingine ni ya miaka 70?

Ni jua, ndugu zangu. Miaka yenyewe huikunja ngozi taratibu sana. Jua halisubiri. Mwaka 2012 jarida la tiba la New England, ambalo madaktari wanalisoma dunia nzima, lilichapisha picha ya dereva wa lori wa Marekani mwenye miaka 69. Mzee huyo alikuwa ameendesha lori kwa miaka 28. Kule usukani uko kushoto, kwa hiyo shavu lake la kushoto ndilo lililokuwa dirishani miaka yote hiyo. Ukiitazama picha ile utashtuka. Shavu la kushoto limekunjamana na ngozi imekuwa nene, la kulia utadhani ni la mdogo wake. Kioo cha dirisha kilimkinga upepo na vumbi, lakini mionzi inayozeesha ngozi ilipita humo humo. Madereva wa mabasi mliopo hapa, mnaokwenda Dar na Arusha kila siku, ninyi lenu ni shavu la kulia. Mkifika nyumbani jitazameni.

Nimeitumikia ngozi za watu maisha yangu yote ya uuguzi, na leo nimekuja kusema jambo moja. Ngozi inayozeeka inahitaji matunzo, na sisi tunaipa kila kitu isipokuwa matunzo. Kijana anaichubua kabla haijazeeka. Mtu mzima anaificha. Na mzee anaachwa nayo.

Tumalizie kwanza habari ya jua. Mwenyezi Mungu alitupa melanini, ile rangi iliyo ndani ya ngozi zetu, na kazi yake kubwa ni kuchuja mionzi. Ngozi nyeusi huchuja mionzi mara kadhaa zaidi kuliko ngozi nyeupe. Ndiyo maana makunyanzi hutuchelewa sisi kwa miaka mingi, na uzee wetu hutangulia kuonekana kwa madoa, kwa rangi isiyolingana, kwa weusi chini ya macho. Mama wa miaka 45 anayelalamika kwamba uso umemzeeka, mara nyingi anachokiona kwenye kioo ni madoa ya jua na ya joto la jiko. Kunyanzi lenyewe bado liko njiani.

Dawa yake ni nini? Kivuli. Nalisema hili kwa akina mama wa soko la Mgandini, kwa wanaokaanga samaki, kwa wanaouza machungwa barabarani kuanzia asubuhi mpaka magharibi: mwavuli si mapambo ya harusini. Kanga kichwani, kofia ya ukili, turubai juu ya meza. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni jua ni kali, ukiweza kupanga kazi zako, panga. Mwenye uwezo anunue losheni ya kukinga jua iliyoandikwa SPF 30 au zaidi, apake usoni na mikononi, arudie kila baada ya saa mbili. Asiye na uwezo asijione amekosa kila kitu, kwa sababu kivuli ni bure na kinafanya kazi kubwa.

Ila kuna ndugu zetu ambao kwao losheni hiyo ni uhai. Mwenye ualbino hana hiyo melanini ya kutosha, na jua letu humletea saratani ya ngozi akiwa bado kijana. Pale Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha ukanda wetu tangu mwaka 1992, na hapo ilizaliwa losheni ya Kilisun, inayotengenezwa hapa hapa nchini kwa ajili ya watu wenye ualbino. Tunapozungumza juu ya urembo na kuzeeka, naomba tukumbuke kwamba wapo Watanzania wanaopigania tu wafike umri wa kuwa na makunyanzi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo pananiuma.

Mkorogo.

Tumezoea kusema mkorogo, yale mafuta ya kuchubua ngozi, ni ugonjwa wa mabinti. Hapana. Wanaonijia wengi ni akina mama watu wazima. Mama amezaa, amelea, amejenga na mumewe, amefika miaka 48 au 50, hedhi imeanza kukatika. Ngozi inakauka, mwili unapata joto la ghafla, usiku halali. Wakati huo huo mwilini kunatokea jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Kolajeni, ile nyuzi inayoishika ngozi isilegee, inapungua kwa kasi. Tafiti zimeonyesha kwamba katika miaka 5 ya kwanza baada ya hedhi kukoma, ngozi ya mwanamke inaweza kupoteza karibu theluthi moja ya kolajeni yake. Fikirieni, theluthi moja! Mama anaamka asubuhi anajitazama, hajitambui. Anadhani amerogwa, au amechokwa. Kisha mumewe anamwambia kwa utani, "Mke wangu siku hizi umechakaa." Utani huo, akina baba, umeuza makopo mengi kuliko matangazo yote ya redioni.

Ndipo anapokwenda dukani. Na dukani hawamwambii kwamba wanamuuzia kemikali ya kuchubua. Wanamwambia inaondoa uzee, inarudisha usichana, inang'arisha. Anapaka. Wiki ya pili uso unateleza, majirani wanamsifu, anapaka zaidi. Nawaulizeni, kama ni dawa ya uzee, kwa nini inashambulia rangi? Rangi imekosa nini? Rangi ndiyo iliyokuwa ikikukinga na jua linalokuzeesha! Unalipa pesa zako za kikoba kuvunja mwavuli uliozaliwa nao.

Nilimhudumia mama mmoja, sitasema wa wapi, aliyekuja amejifunika mtandio usoni kwenye joto la mwezi wa pili. Alipoufunua, mashavu yalikuwa mekundu, mishipa midogo ya damu inaonekana kama imechorwa kwa kalamu, na kuzunguka macho kuna weusi wenye ubuluu. Vidole vyake vilikuwa vyeupe lakini vifundo vimebaki vyeusi. Aliniambia, "Mwanangu, nikiacha kupaka siku 2 uso unawaka moto. Nikipaka, unatulia." Ilikuwa imemfunga. Alianza kupaka ili aonekane mdogo, na mjukuu wake alikuwa ameanza kumwogopa.

Ndani ya makopo hayo kuna nini? Kuna mambo matatu makubwa, mabinti andikeni.

La kwanza ni steroidi. Hizi ni dawa halali za hospitali, tunawapa wagonjwa wa ngozi kwa kipimo na kwa muda mfupi. Ukizipaka kila siku kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba, michirizi inatokea mapajani na kifuani, kidonda hakiponi. Wapasuaji wanazijua ngozi hizi. Mama anaingia chumba cha upasuaji kujifungua, na mshono unakuwa shida kwa sababu nyama haishiki uzi. Dawa hiyo inaweza kupenya mpaka kwenye damu ikapandisha sukari na presha. Na huyu niliyemtaja, aliyesema uso unawaka akiacha, hiyo ndiyo kazi ya steroidi. Kwa hiyo aliyepaka muda mrefu asiache ghafla kwa hasira baada ya hotuba yangu. Aende kwa daktari wa ngozi, apunguziwe kwa mpango.

La pili ni haidrokwinoni. Hii nayo daktari anaweza kumwandikia mtu kwa doa fulani, kwa muda maalumu. Ukiipaka mwili mzima miaka na miaka, inageuka. Ngozi uliyotaka iwe nyeupe inaota weusi wa ubuluu mashavuni na kuzunguka macho, wa vipele vidogo vidogo, na weusi huo hautoki tena. Wenzetu wa Afrika Kusini waliona maelfu ya wanawake wao wakiharibika hivyo, madaktari wa ngozi wakapaza sauti, na mwaka 1990 nchi hiyo ikapitisha marufuku. Umoja wa Ulaya nao ukaiondoa katika vipodozi mwaka 2001. Rwanda, jirani zetu hawa, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2018 polisi waliingia madukani kukusanya makopo. Sisi pia tumeipiga marufuku katika vipodozi, na tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko kwa TBS, shirika letu la viwango. Marufuku tunayo. Mnunuzi ndiye anayeizunguka kwa mlango wa nyuma, ananong'ona, "Ile ya chini ya meza ipo?"

La tatu ni zebaki, na hili ndilo baya kuliko yote. Zebaki inaua figo polepole. Inashambulia mishipa ya fahamu, mikono inatetemeka, usingizi unapotea, mtu anakuwa mkali bila sababu. Haiishii kwa anayepaka. Inabaki kwenye taulo, kwenye mto, inaruka hewani ndani ya chumba, mtoto anayelala na mama anaivuta. Mjamzito anampa mtoto aliye tumboni. Dunia nzima imekubaliana kuipiga vita kupitia Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda iliingia kwenye samaki na kulemaza watu. Kwenye kopo au sabuni itafute kwa majina ya mercury, mercurio, au calomel. Na kuna alama nyingine ambayo si wengi wanaijua. Ukisoma maelezo yanayokuonya kwamba kitu hicho kisiguse dhahabu, fedha wala alumini, kiweke chini uondoke. Kitu kinachoogopwa na pete yako unakipaka usoni?

Nasikia mama mmoja hapa anasema, "Mimi situmii ya dukani, natumia ya kwetu ya asili." Vizuri, tuzungumze ya asili.

Sisi watu wa Pwani tulikuwa na utaratibu wa urembo kabla ya kopo la kwanza kushuka bandarini. Bibi zetu walisaga liwa kwenye jiwe wakajipaka usoni. Walitengeneza singo ya kumsugua bi harusi, ikamtoa taka za siku nyingi, mwili ukabaki unanukia. Mafuta ya nazi yalikamuliwa nyumbani. Mambo haya nayapenda na nataka mabinti myajue. Bibi aliyemsinga mwali hakumwahidi kwamba atabadilika rangi. Alimwahidi kwamba atakuwa safi, laini na wa kunukia. Ilikuwa kazi ya mikono, mtu anakugusa, anakusemesha, unafundishwa maisha huku unasuguliwa.

Lakini si kila kinachoitwa cha asili ni cha asili. Hina ni jani. Inatoa rangi ya machungwa kwenda kahawia, inataka subira ya saa kadhaa, na mara chache sana inamdhuru mtu. Piko ni kitu kingine kabisa. Weusi ule mkali unaotoka kwa dakika chache unatokana na dawa ya kupakia nywele, na ndani yake kuna kemikali inayoitwa PPD. Nimewaona mabibi harusi ambao maua ya piko yameinuka kuwa malengelenge, ua kwa ua, mkono mzima. Kovu linabaki kwa umbo lile lile la ua. Na mwili ukishaikataa PPD mara moja, unaikataa maisha. Miaka 30 baadaye mama huyo huyo anataka kuficha mvi, anapaka dawa nyeusi ya nywele, kichwa na macho vinavimba hafungui. Wenye kupaka mvi, nawaomba mjaribu kwanza tone dogo nyuma ya sikio, msubiri siku 2. Na asiyetaka kupaka, mvi zake ziachwe kwa amani. Msimwulize kila harusi kwa nini hajapaka.

Matunzo ya ngozi inayozeeka hayana gharama kubwa, na nitayasema haraka maana chakula kinanukia. Ngozi ya kijana hujibadilisha juu kwa muda wa kama mwezi mmoja. Ya mzee huchukua muda mrefu zaidi, na mafuta yake ya asili yamepungua. Kwa hiyo acheni kumsugua mzee kwa dodoki gumu kama sufuria. Sabuni ya mche ni ya nguo, msimwogeshee bibi. Maji yawe ya vuguvugu, yasiwe ya moto. Akitoka kuoga, kabla maji hayajakauka mwilini, mpakeni mafuta. Mafuta ya mgando yanatosha. Mafuta ya nazi yanafaa. Glisirini iliyochanganywa na maji inafaa. Hakuna haja ya kopo la elfu hamsini. Na sigara, wazee wangu, inazeesha ngozi kuliko mnavyodhani, kwa sababu inabana mishipa ya damu inayoilisha.

Nimetaja sigara, na kuna mwanamke ambaye hakuwahi kuiacha na bado nataka kumsimulia hapa. Sisifu sigara yake. Nausifu uso wake.

Bi Kidude wa Unguja, Fatuma binti Baraka. Mwaka aliozaliwa haujulikani kwa uhakika. Alipofariki tarehe 17 Aprili 2013 watu walimkadiria kuwa amevuka miaka 100 au anaikaribia. Alikuwa kungwi, alifunda wanawali, alipiga ngoma ya unyago aliyoifunga kiunoni, aliimba taarabu. Akiwa msichana alimfuata Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, ambaye naye alichekwa sura yake na akawajibu waliomcheka kwa mashairi yake mwenyewe. Bi Kidude alianza kujulikana duniani akiwa tayari ni bibi. Mwaka 2005, alipopewa tuzo ya muziki ya WOMEX huko Uingereza, alikuwa na umri ambao kwetu mtu anakatazwa hata kwenda sokoni peke yake. Alipanda jukwaani na makunyanzi yake yote, kila mstari upo mahali pake, kichwa kimefungwa kilemba, na watu wa mataifa wakasimama. Umewahi kumsikia mtu akisema Bi Kidude angependeza zaidi kama angepunguza makunyanzi? Hata siku moja. Uso ule ulikuwa na kazi, na kila aliyeutazama alijua kwamba huyu anajua jambo ambalo mimi silijui.

Tulimpigia makofi Bi Kidude. Je, bibi wa mtaani kwetu tunamfanyia nini?

Naomba utulivu hapa. Nilifanya kazi miaka ya ujana wangu Usukumani. Kule Shinyanga, Mwanza, Tabora, kwa miaka mingi wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Na ushahidi uliotolewa mara nyingi ulikuwa nini? Macho mekundu. Uso uliokunjamana na macho mekundu. Mama amepika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe katika kibanda kisicho na dirisha tangu akiwa msichana, akiwapikia watu hao hao. Moshi umemchoma macho miaka 50. Wengine wana ugonjwa wa vikope, ambao una dawa. Kisha kijana aliyelishwa kwa moshi ule anakuja usiku na panga kwa sababu macho ya mama yamekuwa mekundu.

Mnaona dharau ya uso wa mzee inavyoweza kufika? Inaanza na kicheko: "Bibi kama mchawi!" Watoto wanacheka, sisi tunacheka nao. Naomba msicheke tena. Msilicheke neno hilo nyumbani kwenu, msilicheke kwenye simu zenu mnapotumiana picha za vikongwe. Wilayani Magu wapo waliolijibu jambo hili kwa njia ambayo mimi kama muuguzi naiheshimu sana. Waliwajengea wazee majiko banifu, moshi ukapungua, macho yakapona, na jirani akakosa cha kunyooshea kidole. Serikali mwaka 2024 imezindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe ifikapo mwaka 2034. Nawaomba viongozi wa vikundi: mtungi wa kwanza wa gesi, jiko la kwanza banifu, lianze kwa bibi. Msianze na mwenye mgahawa.

Na kuna dharau nyingine ya upole zaidi, ambayo tunaifanya sisi tunaowapenda wazee wetu. Mzee anasema, "Nawashwa mwili mzima." Tunamjibu, "Ni uzee tu, baba." Mzee anasema, "Mguu huu una kidonda hakifungi." Ni uzee tu. "Nimeota doa jeusi." Ni uzee tu.

Nani aliwaambia ni uzee tu? Mwasho wa mwili mzima unaweza kuwa ukavu, na mafuta yakauondoa. Unaweza pia kuwa sukari, figo au ini. Kidonda cha mguu kisichofunga ni sukari mpaka kipimo kiseme sivyo. Malengelenge yenye maumivu makali upande mmoja wa mwili ni mkanda wa jeshi, na dawa yake inataka mzee afike hospitali ndani ya siku 3 tangu yatokeze. Mzee aliyelala kitandani akaota kidonda kiunoni hakukiota kwa uzee. Alikiota kwa sababu hatukumgeuza. Ageuzwe kila baada ya saa 2, mchana na usiku, na wajukuu wagawane zamu.

Doa jeusi ndilo linalonifanya nisilale. Saratani mbaya ya ngozi kwetu watu weusi haipendi usoni. Inapenda unyayo, kiganja, na chini ya ukucha, mahali ambapo hakuna anayetazama. Bob Marley, ambaye wazee wa hapa mlimcheza ujanani, mwaka 1977 alikutwa nayo chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Ilidhaniwa ni jeraha la mpira. Alifariki tarehe 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36. Nilipokea mzee mmoja mkulima wa katani, doa limekaa unyayoni miaka, mwanawe anasema walidhani ni mwiba, kisha wakadhani ni uzee. Lilikuwa limeshapanda mpaka kwenye mtoki. Mzee yule alikuwa na watoto 7 wanaompenda, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuinua unyayo wake akautazama.

Sera yetu ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Hospitalini mmeona bango la kumpisha mzee apate huduma kwanza. Bango lile lina maana kwa mzee aliyefikishwa. Aliyeambiwa ni uzee tu hafiki.

Kwa hiyo, ndugu mgeni rasmi, kwa ruhusa yako naomba tubadilishe ratiba kidogo. Kabla ya chakula, wauguzi wenzangu wamekaa kwenye lile hema la bluu. Wazee wote wapite pale wavue viatu, akina mama wa kisukari pia, watazamwe nyayo, vidole na kucha. Vijana ndio mtakaowashika mkono kuwapeleka, na mtabaki hapo hapo mkitazama, ili mwezi ujao mfanye wenyewe nyumbani. Mwenye kopo la mafuta ndani ya mkoba wake ambalo hana hakika nalo, aje nalo kwenye meza ya pili, tulisome pamoja. Hatutamtaja mtu, hatutampiga mtu picha. Mama aliyejifunika mtandio, wewe nitakuona mimi mwenyewe, nyuma ya hema.

Tuanze na mstari huu wa mbele. Bibi, nipe mkono.